Robert Koch: mtaalamu wa vijidudu aliyepita pwani yetu

Katika makala hii tunasimulia maisha ya Daktari Robert Koch, Mjerumani aliyeuonyesha ulimwengu vijidudu vinavyosababisha kifua kikuu na kipindupindu. Wanafunzi wa biolojia hukutana na jina lake katika vitabu vya shule. Kisichojulikana na wengi ni kwamba mtu huyu alifanya kazi hapa kwetu kati ya mwaka 1897 na 1907. Alikuwa Dar es Salaam, katika milima ya Usambara juu ya Tanga, na kwenye njia za misafara zilizounganisha pwani na bara.

Hatumleti kwenu kama mtakatifu, wala hatumleti kama mwovu. Alikuwa mtu mwenye akili kubwa na subira kubwa, ambaye mara mbili katika maisha yake subira hiyo ilimwishia, na mara zote mbili walioumia ni wagonjwa. Tena kuna jambo moja kuhusu vijidudu ambalo lilikuwa mbele ya macho yake na hakulipa uzito, yaani vita ambavyo vijidudu hupigana vyenyewe kwa vyenyewe. Dawa ya ugonjwa aliotaka sana kuuponya ilikuja kutoka katika vita hivyo, miaka zaidi ya thelathini baada ya kifo chake.

Pwani iliyokijua kipindupindu

Tuanze nyumbani. Mwaka 1868 Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, wakiongozwa na Padre Antoine Horner, walifungua misheni yao Bagamoyo. Hawakuwa wamemaliza miaka miwili pwani ilipopigwa na kipindupindu. Ugonjwa ulishuka pamoja na misafara kutoka nchi ya Wamasai hadi Pangani, ukavuka bahari hadi Unguja mwishoni mwa mwaka 1869, kisha ukaenea kusini hadi Kilwa. Watu walikufa kwa maelfu.

Daktari Mskoti aliyekuwa akiishi Unguja, James Christie, aliwahoji wafanyabiashara na wasafiri wa misafara ili ajue ugonjwa ulipita wapi. Kitabu chake kilitoka mwaka 1876. Christie aliweza kuonyesha njia ya ugonjwa kituo kwa kituo, lakini hakuweza kusema ni kitu gani hasa kilichosafiri katika njia hiyo. Wakati ule madaktari wengi waliamini kwamba kipindupindu hutokana na hewa chafu au mvuke wa ardhi. Aliyekuja kumaliza ubishi huo alikuwa bado daktari wa wilaya asiyejulikana, katika mji mdogo wa mashariki ya Ujerumani.

Kijana wa mji wa migodi

Robert Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 huko Clausthal, mji wa migodi katika milima ya Harz. Baba yake alikuwa ofisa wa migodi. Katika familia hiyo walizaliwa watoto kumi na watatu, na Robert alikuwa wa tatu. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Göttingen, ambako mmoja wa walimu wake alikuwa Jakob Henle, mtaalamu aliyekwisha kuandika tangu mwaka 1840 kwamba magonjwa ya kuambukiza huletwa na viumbe hai vidogo visivyoonekana kwa macho. Henle hakuwa na uthibitisho.

Koch alimaliza masomo mwaka 1866, akamwoa Emmy Fraats, akahudumu kama daktari katika vita kati ya Ujerumani na Ufaransa, na mwaka 1872 akapewa kazi ya daktari wa wilaya Wollstein, mji ambao leo uko Poland. Hapakuwa na maabara wala wataalamu wa kushauriana nao. Alikuwa na hadubini, zawadi ya mke wake, na sehemu ya chumba cha kutibia wagonjwa ambayo aliitenga kwa ajili ya uchunguzi wake.

Wafugaji wa wilaya hiyo walikuwa wakipoteza kondoo na ng'ombe kwa kimeta. Wataalamu wengine walikwisha kuona vijiti vidogo katika damu ya wanyama waliokufa, ila haikujulikana kama vijiti hivyo ndivyo vilivyoua, na haikueleweka kwa nini malisho yaliyokaa miaka bila mifugo yaliendelea kuua. Koch aliwaambukiza panya kwa vibanzi vya mti vilivyochovywa katika damu, akavikuza vijiti hivyo nje ya mwili, akaona kwamba mazingira yakiwa mabaya hujigeuza kuwa mbegu ngumu zinazoweza kukaa ardhini kwa miaka mingi. Mwaka 1876 alikwenda Breslau kumwonyesha kazi yake Profesa Ferdinand Cohn. Baada ya hapo hakuwa tena daktari asiyejulikana.

Kukitenga kijidudu

Mwaka 1880 aliitwa Berlin. Huko alikabili tatizo lililowashinda wengi. Tone moja la maji ya mtaroni au la usaha lina vijidudu vya aina nyingi vilivyochanganyika. Ukivikuza katika supu, vyote hukua pamoja, na huwezi kujua ni kipi kinacholeta ugonjwa. Koch aliona kwamba juu ya kipande cha kiazi kilichochemshwa na kuachwa wazi hujitokeza vidoa vya rangi mbalimbali, na kwamba kila kidoa ni ukoo wa kijidudu kimoja. Akatafuta kitu kigumu, kinachopenya mwanga, cha kuoteshea. Jelatini aliyoanza nayo iliyeyuka katika joto.

Jawabu lilitoka jikoni. Fanny Hesse, mke wa daktari Walther Hesse aliyekuwa akifanya kazi na Koch, alipendekeza aga, ambayo yeye aliitumia kugandisha vyakula vyake. Aga hutokana na mwani mwekundu wa baharini, na akina mama wanaolima mwani Mlingotini, hapo Bagamoyo, wanalima mimea ya jamii hiyo hiyo pana. Hadi leo maabara za hospitali huotesha vijidudu juu ya aga.

Kwa njia hiyo Koch aliweza kukitoa kijidudu kimoja katika umati wa majirani zake na kukitazama kikiwa peke yake. Tarehe 24 Machi 1882 aliwaonyesha wanasayansi wa Berlin kijidudu cha kifua kikuu, ugonjwa uliohesabiwa wakati ule kuua karibu mtu mmoja kati ya kila saba. Ndiyo sababu Siku ya Kifua Kikuu Duniani huadhimishwa tarehe hiyo.

Alexandria na Kolkata

Mwaka 1883 kipindupindu kilizuka Misri. Ujerumani ilimtuma Koch na Ufaransa ikatuma wanafunzi wa Louis Pasteur. Nchi hizo mbili zilikuwa na chuki ya vita, na Koch na Pasteur wenyewe walikuwa wamekwisha kushambuliana hadharani. Lakini kijana mmoja wa kundi la Wafaransa, Louis Thuillier, alipokufa kwa kipindupindu mjini Alexandria, Koch na wenzake walikwenda kumzika na kuweka mashada juu ya jeneza lake.

Ugonjwa ulipopungua Misri, Wafaransa walirudi kwao. Koch aliufuata hadi Kolkata, India. Huko alikikuza kijidudu kilichopinda kama alama ya mkato, akakikuta katika matumbo ya waliokufa na katika maji ya bwawa ambalo watu walilitumia kunywa, kuoga na kufulia. Mtaalamu Mwitalia Filippo Pacini alikwisha kukiona mwaka 1854 na hakusikilizwa. Mwaka 1884 Koch alirudi Berlin akiwa shujaa.

Hata hivyo aliona jambo la ajabu. Kijidudu hiki hukaa utumbo tu, hakiingii katika damu, na bado mtu huweza kukauka na kufa katika muda wa saa chache. Koch alifikiri kwamba lazima kinatoa sumu. Alikuwa sahihi, ila uthibitisho ulichukua miaka 75. Ulitolewa mwaka 1959 na Sambhu Nath De, mtaalamu wa huko huko Kolkata.

Leo tunafahamu jinsi sumu hiyo inavyofanya kazi. Ndani ya chembe za mwili wetu kuna molekuli ndogo za jamii iitwayo nyukliotidi. Baadhi ni herufi za kuandikia urithi wetu, nyingine hubeba nishati, na nyingine ni ishara, kama kengele ya kuamuru kazi ianze au ikome. Sumu ya kipindupindu huingia katika chembe za ukuta wa utumbo na kuifanya kengele moja ilie bila kukoma. Chembe hutii, hufungua milango yake, na chumvi na maji ya mwili humwagika utumbo. Mgonjwa aliyezidiwa anaweza kupoteza lita moja kwa saa. Mlango wa kuingizia sukari na chumvi hauharibiwi, na ndiyo maana maji yenye chumvi na sukari kwa kipimo, yale tunayopewa zahanati, yameokoa watu wengi mno. Tunayahitaji bado. Kipindupindu kilichoanza Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 kilienea katika mikoa mingi na kuwapata watu zaidi ya 20,000.

Subira inapokwisha

Turudi Berlin. Koch alikuwa sasa mtu mkubwa, na serikali ilimtazamia ushindi mpya dhidi ya Pasteur na Wafaransa. Mwezi Agosti 1890, mbele ya madaktari kutoka nchi nyingi, alitangaza kwamba amepata kitu kinachozuia kifua kikuu. Kilikuwa ni umajimaji uliotokana na vijidudu vyenyewe vya kifua kikuu, ukaitwa tuberkulini. Hakueleza umetengenezwa vipi, na uthibitisho wake kwa binadamu ulikuwa mdogo sana.

Wagonjwa walimiminika Berlin. Wengine walitolewa vitandani na kusafirishwa wakiwa mahututi. Wengi walipata homa kali baada ya sindano, na baadhi walikufa. Profesa Rudolf Virchow alipochunguza maiti aliona kwamba dawa haikuua vijidudu, na kwamba katika baadhi ya wagonjwa ugonjwa ulikuwa umesambaa zaidi. Mwaka uliofuata tumaini lote lilikuwa limevunjika. Tuberkulini haikupotea kabisa, kwani baadaye ilifaa kwa kipimo cha ngozi cha kutambua maambukizo. Lakini kama dawa haikufaa kitu. Ndoa ya Koch na Emmy nayo ilivunjika, na mwaka 1893 alimwoa Hedwig Freiberg, msichana aliyekuwa mdogo kwake kwa karibu miaka thelathini.

Vita ambavyo Koch hakuvifuatilia

Kabla ya kumfuata Koch hadi pwani yetu, tueleze jambo tulilolitaja mwanzoni. Mwaka 1877 Pasteur na mwenzake Joubert waliona kwamba kijidudu cha kimeta, ambacho hukua vizuri kikiwa peke yake, hushindwa kukua kikichanganywa na bakteria wa kawaida. Waliona kwamba huenda siku moja jambo hilo likafaa katika tiba. Mwaka 1899 Wajerumani wawili, Rudolf Emmerich na Oscar Löw, walitengeneza dawa kutokana na bakteria aitwaye leo Pseudomonas aeruginosa, yule anayeacha usaha wa rangi ya kijani katika vidonda. Dawa hiyo iliua vijidudu vingine, ila haikuaminika vya kutosha ikaachwa.

Koch hakujenga juu ya hayo. Uwezo wake wote ulikuwa katika kutenga. Kwake, bakteria jirani katika sahani alikuwa uchafu wa kuondolewa. Lakini katika udongo, katika maji na katika utumbo wetu, hakuna bakteria anayeishi peke yake. Wote hugombea chakula na nafasi, na wamejitengenezea silaha.

Mwaka 1943 katika maabara ya Selman Waksman huko New Jersey, Marekani, mwanafunzi Albert Schatz alipata kwa bakteria wa udongo kitu kilichoweza kukiua kijidudu cha kifua kikuu. Kiliitwa streptomisini. Kile ambacho Koch alikitafuta ndani ya kijidudu chenyewe kilichotengwa, kilipatikana kwa jirani yake wa udongoni. Streptomisini, ikiunganishwa na dawa nyingine, ilikuwa mwanzo wa tiba halisi ya kifua kikuu. Nchi yetu ina sehemu yake katika historia hiyo. Mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma ulioanza Tanzania mwaka 1977, kwa ushauri wa Daktari Karel Styblo, ulikuja kuwa mfano kwa mataifa mengine.

Vita hivyo bado vinachunguzwa, na vimeleta mshangao mpya. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani waligundua kwamba kijidudu cha kipindupindu kina chombo kama mkuki, kinachosukumwa kwa nguvu kutoka ndani na kumdunga jirani kwa sumu. Ndugu zake wa ukoo mmoja hawafi, kwa sababu kila mmoja hubeba kinga ya sumu hiyo. Jirani akifa na kupasuka, muuaji anaweza kuokota vipande vya urithi wake na kuvifanya vyake.

Tukumbuke tena zile nyukliotidi za ishara. Bakteria nao wanazo. Mwaka 1969 Michael Cashel na Jonathan Gallant waligundua kwamba bakteria akikosa chakula hutengeneza nyukliotidi ya pekee ambayo kazi yake ni kutangaza dharura. Ikishatangazwa, bakteria huacha kujenga na kukua, hubana matumizi, na kungoja njaa ipite. Basi mwaka 2019 watafiti wa Kanada na Marekani walieleza sumu ambayo Pseudomonas aeruginosa, yule yule wa usaha wa kijani, huidunga ndani ya bakteria jirani. Sumu hiyo ina umbo kama la kile chombo kinachotengeneza ishara ya njaa. Lakini yenyewe hutengeneza nyukliotidi nyingine ya jamii hiyo hiyo, tena bila kipimo, na malighafi inayoitumia ni ile ile ATP inayobeba nishati ya chembe. Katika dakika chache ghala la nishati la jirani huwa tupu naye hufa. Chombo kilichofanana na cha kuokoa maisha wakati wa njaa kimegeuzwa kuwa silaha.

Kwa hospitali hili si jambo dogo. Bakteria huyo huambukiza vidonda vya moto na mapafu ya wagonjwa dhaifu, na amekuwa sugu kwa dawa nyingi. Kila silaha mpya inayoeleweka ni njia mpya ya kutafuta dawa, kama ile ya mwaka 1943.

Koch katika pwani yetu

Sasa tumfuate Koch. Mwishoni mwa mwaka 1896 alikwenda Afrika Kusini kupambana na sotoka iliyokuwa ikiangamiza ng'ombe, kisha India kwa ajili ya tauni, na mwezi Julai 1897 akafika Dar es Salaam. Miezi mitano kabla yake, Februari 1897, alikuwa amefariki Sewa Haji, tajiri Mwismaili wa Bagamoyo. Huyu alitoa mali yake kwa hospitali za Bagamoyo na Dar es Salaam, na ile ya Dar es Salaam ndiyo chimbuko la Muhimbili ya leo. Alitaka wagonjwa wahudumiwe bila kubaguliwa. Hospitali ya Ocean Road, iliyokamilika mwaka ule ule wa 1897, ilikuwa ya Wazungu. Hiyo ndiyo hali ambayo Koch aliikuta.

Alikaa hadi mwaka 1898. Alichunguza malaria, matumizi ya kwinini, na magonjwa ya mifugo. Katika damu ya ng'ombe wa pwani aliona vimelea ambavyo alivifananisha na vya ugonjwa mwingine uliojulikana Marekani, na miaka michache baadaye, akiwa Rhodesia, alitambua kwamba ulikuwa ugonjwa wa pekee. Ni ndigana kali, ambayo kwa lugha za Ulaya inaitwa hadi leo kwa jina la pwani ya Afrika Mashariki.

Huko Usambara alijifunza kitu kutoka kwa wenyeji. Watu wa milimani walimweleza kwamba wakishuka tambarare hurudi na homa, na homa hiyo waliiita mbu. Alipouliza sababu walisema kwamba huko chini kuna wadudu waitwao mbu wanaowauma, na ndio wanaoleta homa. Ilikuwa ndiyo miaka ambayo Ronald Ross, huko India, alikuwa akithibitisha jambo hilo kwa hadubini. Koch aliyaandika maneno ya watu wa Usambara katika taarifa yake, na kwa hilo anastahili sifa.

Mwaka 1905, mwaka ule ule vita vya Maji Maji vilipoanza kusini, alikuwa tena Dar es Salaam na kando ya njia za misafara, akichunguza homa inayoondoka na kurudi. Katika vumbi la sakafu za vibanda walimolala wapagazi alikuta papasi, na ndani ya papasi akakuta bakteria waliojisokota kama uzi. Alionyesha kwamba bakteria hao hupita hadi kwenye mayai, hata papasi wachanga wakaweza kuambukiza. Wenyeji wengi walioishi na papasi hawakuugua sana, ila mgeni aliyelala kibandani usiku mmoja aliweza kulipa kwa wiki nyingi za homa. Koch hakuwa peke yake katika ugunduzi huo. Madaktari wengine walikuwa wamefikia jambo hilo hilo Uganda na Kongo, na mmoja wao, Joseph Dutton, alikufa Kongo mwezi Februari 1905 akiwa katika kazi hiyo. Bakteria huyo ana jina lake. Mwishoni mwa mwaka huo Koch alipewa Tuzo ya Nobel kwa ajili ya kifua kikuu.

Visiwa vya Sese

Mwaka 1906 alirudi mara nyingine, safari hii kwa ajili ya malale, ugonjwa uliokuwa umeua watu wengi sana kandokando ya Ziwa Viktoria. Alianzia Amani huko Usambara, akapita Mwanza, kisha akapiga kambi katika visiwa vya Sese upande wa Uganda. Maelfu ya wagonjwa walikuja wakiwa na tumaini. Alikuwa na dawa iitwayo atoksili, yenye arseniki ndani yake. Mwanzoni ilionekana kufanya maajabu, kwani vimelea vilitoweka katika damu. Baadaye vikarudi.

Koch aliongeza dozi, kutoka nusu gramu hadi gramu nzima. Wagonjwa 22 wakapofuka, na macho yao hayakupona. Baada ya hapo aliacha dozi hizo kubwa. Lakini wale watu 22 walikuwa wamekuja kwake wakiwa wanaona. Hawakuwa na namna ya kujua hatari ya sindano ile, wala hapakuwa na mtu wa kuwasemea. Majina yao hayakuingia katika historia ya tiba kama lilivyoingia jina la aliyewatibu.

Koch aliondoka Afrika Mashariki mwaka 1907. Alifariki tarehe 27 Mei 1910 mjini Baden-Baden, akiwa na umri wa miaka 66. Majivu yake yamehifadhiwa Berlin, katika taasisi yenye jina lake.

Tunachobaki nacho

Tunapoyatazama maisha haya, hatuwezi kukataa deni letu. Maji yanapochemshwa nyumbani kwa sababu tunajua kuna kijidudu, na makohozi ya mgonjwa yanapopimwa zahanati, Koch yupo katika kazi hiyo. Kipaji chake cha kukitenga kijidudu kimoja na kukitazama kilikuwa zawadi kwa wanadamu wote.

Lakini kutenga ni njia ya kuchunguza tu. Kijidudu kina majirani, na katika ugomvi wao ndimo ilimopatikana dawa. Mgonjwa naye ana jina, ana jamaa, na ana haki ya kuelezwa anachopewa. Mwaka 1890 na tena huko Sese, Koch alimwona mgonjwa kama alivyoiona sahani yake ya aga, kitu kilichotengwa ambacho juu yake jawabu litajitokeza.

Kwa waseminari ambao kesho watakabidhiwa parokia zenye zahanati, na kwa waamini wote, tunaona mambo mawili ya kufanya leo. La kwanza, dawa za kuua bakteria zisinunuliwe ovyo dukani wala kuachwa katikati ya dozi. Tumeona jinsi bakteria wanavyookota urithi wa wenzao waliokufa, na usugu wa dawa husafiri kwa njia hiyo pia. La pili, kila tarehe 24 Machi tunapoombea wagonjwa wa kifua kikuu, tuwakumbuke pia wale 22 wa Sese.